Siku Mate Yaliponikauka

Mliosoma wiki jana mliniacha mlangoni kwa shemeji yangu, nimepanua kinywa kama mtu aliyepelekwa kung'olewa jino, na yeye ananinusa.

Kwa wanaonikuta leo njiani: mimi ni mgane. Mke wangu alikufa kwa kifua baada ya miaka tisa ya kuvuta mvuke wa magadi kwenye ukumbi wa kuoshea chupa. Tulifanya kazi kiwanda kimoja cha soda, mimi na yeye. Wakubwa walileta msibani shada la maua na katoni mbili za soda, wakapiga picha, wakaondoka.

Kunywa nilikuwa nakunywa tangu ujana. Baada ya msiba nikazama kama jiwe kisimani.

Siku niliyomsahau binti yangu langoni pa shule mpaka giza likamkuta, shemeji, dada mkubwa wa marehemu, alikuja akambeba na nguo zake zote kwenye mfuko wa plastiki. Mtoto ana miaka tisa. Ndiye niliyebakiwa naye.

Masharti ya shemeji mnayajua. Miezi mitatu bila pombe. Kazi isinitoke. Kodi ya chumba isilale. Na kila Jumamosi saa nane mchana niende kwake nikanuswe. Nikifaulu, mtoto anarudi kwangu. Nikishindwa hata mara moja, anapelekwa kwa ndugu zao wa mbali, na mimi nitamwona kwenye picha.

Mama mmoja ameniandikia kupitia kwa mhariri, anauliza kwa nini sikuacha kwa maombi tu kama alivyoacha mumewe. Mama, nashukuru kwa barua. Lakini mumeo alikuwa anafanya kazi gani?

Kwa sababu mimi kazi yangu ilikuwa kunusa chupa.

Msicheke. Chupa za soda zikirudi kiwandani haziji tupu. Watu ni wachafu, nyie hamjui tu. Chupa unayoiweka mdomoni leo, jana ilikuwa imejaa mafuta ya taa, juzi rangi ya mlango, wiki iliyopita mkojo wa dereva wa lori aliyeona uvivu kusimama. Humo nimekuta vipisi vya sigara, jino la mtu, mkia wa mjusi bila mjusi mwenyewe.

Mashine inaosha, sikatai, lakini kuna harufu ambazo magadi hayazitoi. Kwa hiyo kabla ya kuoshwa chupa zinapita kwenye mkanda, mbele ya mtu aliyekaa kwenye kigoda. Anainua, ananusa mdomo wa chupa. Nzuri inaendelea. Mbaya inaingia kwenye kreti jekundu. Saa nane kwa siku, miaka sita. Jina langu kiwandani lilikuwa Pua.

Mafuta ya taa hata mwenye mafua anayakamata. Kazi ilikuwa pombe ya magendo. Wapishi wake wanapenda chupa zetu kwa kuwa ni ngumu, na humo wanatia spiriti na vitu vingine anavyovijua shetani. Ikikauka inabaki harufu nyembamba kama uzi. Ukijaza soda, uzi unaamka. Wanusaji wenzangu wawili ilikuwa inawapita. Mimi haikunipita hata siku moja.

Nitawaambia siri yake, sasa haina faida tena. Sikuwa nainusa. Mate ndiyo yaliyokuwa yanajua. Chupa ikikaribia uso, kabla pua haijasema lolote, mate yananijaa kinywani. Yakinijaa, naitupa kwenye kreti jekundu. Nilikuwa mbwa, basi, ila mbwa mwenye kitambulisho cha kampuni.

Sasa mwambieni mtu wa namna hiyo aache pombe kwa maombi, huku kila dakika anapewa chupa inayomkonyeza.

Siku ya tano baada ya masharti ya shemeji, mikono ilikuwa inacheza ngoma isiyo na mpigaji. Chupa moja ikaja na tone limebaki chini. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nikaiinua juu, nikagonga kitako chake, nikatia ulimi kwenye mdomo wake.

Ndani kulikuwa na mende.

Sikutema. Andikeni hivyohivyo, mhariri asilifute. Nilimsogeza mende pembeni kwa ulimi, nikangoja tone lishuke.

"Kaka, hiyo chupa mmeoana lini?"

Nyuma yangu alisimama mchochea moto wa boila, tuliyemwita Moshi, uso wote masizi, koleo begani.

"Naangalia kama ni safi," nikasema.

"Kwa ulimi?"

Ukikamatwa na mende kinywani huna utetezi.

Moshi hakucheka sana, na hilo namshukuru. Aliniambia, "Mimi nimekunywa miaka kumi na mbili. Nilikuwa nakunywa mpaka naogopa kupita karibu na kiberiti. Siku hizi hata ukiniwekea bilauri hapa, naitazama kama maji ya kuoshea vyombo. Unajua kwa nini?"

"Umeokoka?"

"Nimebadilisha shetani. Njoo nyuma ya boila saa ya mapumziko."

Nikaenda. Akanipa msokoto wa bangi. Nikavuta, nikakohoa mpaka macho yakataka kutoka, nikavuta tena. Sijasoma, niliishia darasa la nne, sitawadanganya kwa maneno ya kidaktari. Nawaambia nilichokiona mwilini mwangu tu.

Siku ile nilipotoka kazini nilipita mbele ya baa yangu. Miguu haikukata kona. Mhudumu aliniita kwa mkono, nikampungia kama mtu anayempungia jirani, nikaenda nyumbani, nikala mkate mzima bila chai, nikalala.

Kesho yake vilevile. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ile kiu iliyokuwa inaniamsha alfajiri kama mdai, ikawa kama imehama mtaa.

Sasa ungamo lingine, na najua shemeji atakuja kulisoma hapa. Wiki ya nne, siku ya Jumatatu, mwenzetu mmoja alikuwa anastaafu, wakaninyooshea bilauri ya bia. Nilikuwa nimetoka nyuma ya boila. Nikasema, moja ina nini. Nikafika nusu. Sakafu ikainuka kuja kuniuliza habari. Nikatoka nje nikatapika kwenye viatu vyangu, vyote viwili, kwa zamu. Mimi niliyekuwa namaliza mpaka bilauri za wenzangu, niliacha nusu mezani na sikuitamani. Sikugusa tena.

Moshi aliposikia akasema, "Hivyo viwili usivilaze kitanda kimoja. Vinapigana, na uwanja wa vita ni tumbo lako."

Jumamosi nikaenda kunuswa. Shemeji ni mwanamke mfupi, mshonaji wa sare za shule, pini mdomoni muda wote. Alitoa pini, akasogeza pua.

"Pombe hakuna," akasema. Kisha akanusa kola. "Lakini unanuka kama jiko lisilo na dirisha."

"Ni boila, shemeji. Moshi unaingia mpaka kwetu."

"Na macho?"

"Boila hilohilo."

"Hilo boila linakufanyia mengi." Akarudisha pini mdomoni. "Ingia. Mtoto anakungoja."

Binti yangu alikaa karibu yangu na daftari. Akaanza kunieleza habari ya shuleni, kuna mwenzake amemficha kiatu, mwalimu akasema hivi, yeye akajibu vile. Nilikuwa namsikiliza, wallahi nilikuwa namsikiliza. Mara nikajikuta natazama nyuzi sakafuni, nyekundu na bluu, jinsi zilivyolala.

"Baba."

"Naam, mama."

"Nimekuuliza mara tatu."

"Uliza tena."

"Basi tu," akasema, akafunga daftari.

Ulevi ulinifanya nimsahau langoni. Hiki kingine kilinifanya nimsahau akiwa amekaa ubavuni kwangu. Niliona haya, nikala sufuria nzima ya chakula cha watu nikiwa na haya yangu, nikaondoka.

Lakini Jumamosi zilikuwa zinahesabika. Saba, nane, tisa. Shemeji akaanza kunitazama kama binadamu. Ya kumi na moja akaniambia, "Marehemu angekuona angeshangaa." Akaongeza, "Jumamosi ijayo ukiwa hivi, anza kutafuta kitanda cha mtoto."

Nilikitafuta. Nikakipata kwa fundi seremala, kina mguu mmoja mfupi. Nikakiwekea kipande cha tofali.

Jumatano ya wiki hiyo ya mwisho, msimamizi wetu akapuliza kipenga mbele ya uso wangu.

Jina lake tulimpa Kipenga kwa sababu alikuwa nacho shingoni mchana kutwa, hata chooni anakupulizia ukikawia. "Bwana Pua," akasema, "meneja anakuita."

Nikajua nimepandishwa cheo. Mtu akiacha pombe anakuwa mjinga wa namna hiyo, anadhani dunia nzima imeona.

Meneja alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, leso puani. Sisi wa chupa tulikuwa tunamnukia, na hakuficha. Mezani kwake palikuwa na barua na chupa moja ya soda iliyofunguliwa.

"Ishirini na tatu," akasema.

"Naam, mzee?"

"Shule ya bweni, ya wasichana. Wamefungua makreti yetu kwenye mahafali, mbele ya wazazi. Chupa ishirini na tatu zinanuka pombe ya magendo. Msichana mmoja ametapikia gauni la mkuu wa shule." Akainua macho. "Zote zimepita mezani kwako. Miaka sita hukupitisha hata moja. Unaumwa?"

"Hapana, mzee." Nikajinyoosha. "Nimeacha pombe."

Nilisema kwa fahari. Nilikuwa hata nimeanza kutoa mkono ili nipongezwe.

Meneja hakunitazama. Alimtazama Kipenga, kama mtu anavyomtazama aliyemuuzia punda kilema.

"Uliniambia huyu ni wa uhakika."

"Alikuwa wa uhakika, mzee," Kipenga akajibu. "Nimemtunza mimi mwenyewe."

Nimemtunza.

Neno lile liliniingia taratibu kama maji ya baridi sikioni. Nikiwa nimesimama palepale kwenye zulia lao, nikaanza kukumbuka.

Nikakumbuka siku niliyokuja kuomba kazi. Tulikuwa wanaume kumi na wanne kwenye foleni. Kipenga alikuwa anauliza kila mmoja swali moja: unakunywa? Kila aliyesema hapana alirudishwa nyumbani. Mimi nilisema, "Kidogo, mzee," nikatazama chini. Akasema, "Kidogo gani, na mikono inatetemeka? Ingia." Miaka sita nilimwita mtu wa huruma.

Nikakumbuka kila Ijumaa jioni alivyokuwa anatununulia raundi sisi wanusaji, mimi wa kwanza. Wenzangu wa ukumbi wa kuoshea hakuwanunulia hata maji.

Nikakumbuka siku ya tatu ya msiba. Watu wameondoka, nimekaa chini peke yangu. Kipenga akaja na mfuko wa karatasi, akauweka magotini kwangu. "Pole ya kampuni," akasema. Ndani kulikuwa na chupa kubwa ya pombe kali. Nililia siku ile, nikasema mkubwa gani mwenye roho kama hii.

Kumbe alikuwa anatia mafuta kwenye mashine.

Kabla yangu kwenye kigoda kile alikaa mzee mmoja aliyekufa macho yamekuwa ya manjano. Kabla yake mwingine, aligongwa na gari akitoka kunywa. Tulikuwa tunasema kigoda kina mkosi. Kumbe mkosi una ofisi, una leso, na unakaa kwenye kiti cha kuzunguka.

"Mlikuwa mnajua?" nikauliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Tulikuwa tunajua nini?" Meneja akasema. "Kila kazi ina mtu wake. Mpanda nguzo awe haogopi juu. Mnusa pombe awe anaipenda. Kuna dhambi gani?" Akageuza kiti dirishani. "Jumamosi apimwe. Chupa kumi. Akikosa moja, barua yake iwe tayari."

Kazi ikinitoka, sharti la pili limevunjika. Mtoto amekwenda.

Kwenye korido nikamshika Kipenga mkono wa shati.

"Unataka nirudi kunywa?"

"Nani kasema unywe?" Akautoa mkono wangu polepole, akakung'uta shati. "Kampuni haiwezi kumwambia mtu anywe. Mimi nakwambia uache yale majani ya Moshi. Unadhani sioni unavyochekea chupa? Acha, kiu irudi mahali pake. Ukiwa nayo na usinywe, hilo ni lako na Mungu wako."

"Na nikishindwa kuivumilia?"

"Wewe si wa kwanza kukaa pale," akasema. "Na Jumamosi usiniaibishe. Barua ya meneja inaweza kuwa na majina mawili."

Nikaenda kwa Moshi. Nikamweleza yote. Aliendelea kuchochea moto kwa muda mrefu.

"Ukiacha ghafla, kiu itarudi," akasema.

"Nilidhani bangi imeua kiu."

"Inafunga tu. Sikusema inazika. Uliyemfungia chumbani miezi mitatu, siku ukimfungulia hatoki akisalimia."

Hakukosea. Alhamisi mchana nilianza kutoka jasho. Alhamisi usiku sikulala. Chakula kikawa kama pamba. Ile kiu haikuja peke yake, ilikuja na ukoo wake wote, na wote walikuwa na njaa. Nililikuta koo langu linameza hewa, lenyewe, bila mimi kuliamuru.

Ijumaa jioni nilifunga kitasa cha chumba nikiwa ndani, nikampa ufunguo mpangaji wa chumba cha pili kupitia dirishani. "Hata nikikuomba kwa jina la mama yangu," nikamwambia, "usinipe mpaka asubuhi."

Asubuhi akanifungulia, ananitazama kwa jicho la pembeni. "Ulikuwa unapigana na nani humo?"

"Mgeni tu."

"Alikuwa analia kwa sauti kama yako."

Jumamosi saa nne walisimamisha mashine. Nilikuwa sijawahi kuusikia ukumbi ule ukiwa kimya. Kipenga alipanga chupa kumi kwenye meza, kila moja na alama chini ya kitako. Meneja alisimama mbali kidogo na leso yake, karatasi imekunjwa mfukoni. Nilijua ni karatasi gani.

Nikainua ya kwanza. Mate yakanijaa. Nikasema, pombe.

Nikainua ya pili. Mate yakanijaa.

Ya tatu, mate. Ya nne, mate yakanidondoka mpaka kidevuni. Ile ya nne ilikuwa na mafuta ya taa, nayasikia kabisa kwa pua, na bado kinywa kinayatamani.

Nikaweka chupa chini.

"Vipi?" Kipenga akanong'ona.

"Zote," nikasema. "Kinywa kinazitaka zote. Hata hii ya mafuta ya taa."

Mbwa alikuwa amepata kichaa. Miezi mitatu ya moshi mate yalikauka, sikujua chupa ya pombe na ya maji. Sasa yamerudi kama mafuriko, na mafuriko hayachagui nyumba.

Meneja alitazama saa. Akatoa karatasi mfukoni.

Kipenga aliinama sikioni kwangu. Alikuwa anatoka jasho kuliko mimi. "Sikiliza. Ina njaa kupita kiasi ndiyo maana haichagui. Ipe kidogo itulie." Akatoa chupa ndogo bapa kwenye koti lake. "Usimeze. Shika kinywani tu, kisha tema. Kusuuza kinywa si kunywa. Hata shemeji yako hawezi kuita huko kunywa."

"Atanusa."

"Unakwenda kwake saa nane, kiwanda kizima kinajua. Hapa ni saa tano kasoro. Utasukutua kwa dawa ya meno mara kumi. Lakini ukitoka hapa bila kazi utamwambia nini?"

Ndugu wasomaji, ninyi mngefanya nini? Msiniandikie, najua mtasema nini. Ninyi mmekaa.

Nikachukua ile chupa bapa. Nikajaza kinywa. Nikafunga midomo.

Na ikafanya kazi. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo, kwamba yule mshenzi alikuwa anaijua mashine yake. Kinywa kilitulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Nikarudia ya pili, haina kitu, nikaisukuma upande wa nzuri. Ya tatu, nzuri. Ya nne, mafuta ya taa, kreti jekundu. Ya tano, rangi. Ya sita ilikuwa imeoshwa kwa maji ya moto ili kunitega, lakini ndani uzi upo. Kreti jekundu. Saba, nane. Mashavu yamevimba, ulimi unaungua, machozi yananitoka, na mikono haitetemeki hata kidogo.

Ya kumi nikaiweka kwenye kreti jekundu.

Kipenga alizipindua moja moja, akasoma alama. Akamgeukia meneja. "Zote, mzee. Kumi kwa kumi."

Meneja aliikunja ile karatasi mara nne, akairudisha mfukoni. "Pombe anaipenda mwenyewe," akasema, akaanza kuondoka.

Kipenga akanisogezea ndoo kwa mguu. "Haya, tema sasa."

Nikainama.

Mlango wa ukumbi ukafunguka. Mlinzi wa getini aliingiza kichwa. "Bwana Pua, una wageni. Mama mmoja anasema mtoto amemgomea kungoja saa nane, tangu alfajiri ameshika mfuko wake. Nikaona mashine zimezimwa, nimewaleta."

Shemeji alikuwa ameshaingia. Hakuwa na pini mdomoni. Alikuwa amevaa vizuri, kama anakwenda kwenye sherehe ya mtu, na alikuwa anatabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu mazishi. Kisha akasimama. Nikaona pua yake inaanza kufanya kazi.

Mbele yake alikuwa binti yangu, sare ya shule imepigwa pasi siku isiyo ya shule, mfuko wa nguo mkononi.

"Baba."

Nikitema, nitatema mbele yao, na ukumbi mzima utanuka kitu nilichokuwa nimekishika kinywani. Nikimeza, hakuna atakayeona lolote, ila nitakuwa nimemeza. Ndoo ilikuwa mguuni kwangu. Koo lilikuwa limeshafunguka lenyewe.

"Baba, nimekuja na vitabu vyote. Mama mkubwa amesema nikae kwako, nisirudi tena."

Kipenga aligeuza uso akatazama ukutani.

Mtoto akaweka mfuko chini, akaja mpaka hatua mbili kutoka nilipoinama, akanitazama mashavu.

"Baba, mbona huniitikii?"